Ushahidi wa Mwili

Mswahili hasemi tu kwamba amehuzunika. Husema moyo wake mzito. Aliyeingiwa na hofu husema roho yake iko juu. Aliyeambiwa maneno makali husema amekatwa maini. Aliyehisi hila kabla haijafichuka husema machale yamemcheza, na aliyetakiwa kwenda mahali asipopataka husema miguu imekuwa mizito. Mwenye ghadhabu damu humchemka. Mwenye haya macho humshuka. Tukiyakusanya maneno haya pamoja tutaona kwamba wahenga waliotuachia lugha hii walikuwa na imani moja ambayo hawakuiandika katika kitabu chochote: kwamba hisia za mtu zina makazi, na makazi yake ni mwilini.

Tena wahenga hao walitumia neno moja, kusikia, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Tunasikia ngoma inapopigwa mtaa wa pili, na tunasikia njaa, baridi, uchungu na raha. Kwa Mswahili, basi, kuwa na hisia ni aina ya kusikia. Na kila asikiaye huweza kusikiliza, au huweza kuziba masikio.

Swali ninalotaka kulitafakari katika kurasa hizi ni hili: mwili ukisema, tuusikilize? Na tukiusikiliza, tuusadiki? Hayo ni maswali mawili, lakini watu wengi huyafanya kuwa moja. Wapo wanaodhani kuusikiliza mwili ni kuutii, na kwa kuogopa kuutii hukataa kuusikiliza. Wapo pia wanaoutii bila kuusikiliza: wakikasirika hupiga, wakitamani huchukua, wakiogopa hukimbia. Makundi haya mawili hudhaniana kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Upungufu wao, hata hivyo, ni mmoja. Hakuna kati yao aliyeketi na kujiuliza, "Hapa pana nini?"

Maoni yangu ni kwamba mwili ni shahidi. Shahidi huitwa, huulizwa, huachwa aseme mpaka amalize, kisha hakimu hupima. Hakimu anayemfukuza shahidi mlangoni hukata kesi gizani, na yule anayemwachia shahidi kiti chake naye ameacha kazi yake. Nitajaribu kuonyesha pia kwamba kumsikiliza shahidi huyu si anasa ya watu wenye nafasi. Ni wajibu, hasa wa mtu aliyepewa madaraka juu ya wengine, awe mzazi, mwalimu, kiongozi au bwana wa nyumba.

Elimu ya kuupuuza mwili huanza mapema, wala haifundishwi kwa ubaya. Mtoto wa miaka mitatu huanguka barazani, akainuka na goti lililochubuka, akaanza kulia. Mama humwambia, "Nyamaza, hujaumia!" Anakusudia kumliwaza, na pengine humliwaza kweli. Lakini mtoto amesikia pia kwamba goti lake linasema uongo, na kwamba mtu mzima ndiye ajuaye kama linauma. Akifika miaka saba, ikiwa ni wa kiume, huambiwa kwamba mwanamume halii. Akiingia shule hukuta mwenye kiu, mwenye usingizi, mwenye njaa na mwenye hofu wote wameamriwa kukaa namna moja, mikono juu ya dawati. Nimeitumikia kazi hiyo ya shule kwa miaka mingi, nami najua kwamba darasa la watoto 80 haliendeki kwa kumwuliza kila mmoja tumbo lake linasemaje. Nasema tu kwamba mtu akifika umri wa miaka ishirini huwa amekwisha kuhitimu somo hili pasipo cheti. Mwulize, "Unasikiaje?" Atakujibu anavyofikiri. Mwulize tena, atakujibu wanavyofikiri wengine.

Wanazuoni nao wamelihangaikia suala hili. Mwaka 1884 Mmarekani William James aliandika makala akiuliza hisia ni kitu gani, na jibu lake liliwashangaza wengi. Watu hudhani kwamba tunamwona dubu, tunaogopa, ndipo tunapokimbia. James akasema mpangilio ni mwingine: tunamwona dubu, mwili unatetemeka na kukimbia, na kule kuusikia mwili ukifanya hivyo ndiko tunakokuita hofu. Mwaka uliofuata, Carl Lange, tabibu wa Denmark, alitoa fikra inayofanana na hiyo. Lakini hawakuachwa bila kupingwa. Mwaka 1927 Mmarekani mwingine, Walter Cannon, alisema kwamba mabadiliko ya ndani ya mwili ni yale yale katika hofu na katika hasira, na mengine hutokea hata katika homa. Moyo ukienda mbio, mtu atajuaje kwa mwendo huo peke yake kama ameogopa, amekasirika au anaumwa?

Wengine waliwaona wanazuoni hawa kuwa mahasimu. Mimi naona kila mmoja ameshika upande wa kweli. James anatuambia kwamba shahidi yupo na ana habari. Cannon anatuambia kwamba shahidi huyo hataji majina. Moyo husema, "Kuna jambo", hausemi, "Jambo lenyewe ni wivu," au "ni aibu," au "ni chai kali uliyokunywa asubuhi." Kulitafuta jina ni kazi yetu, na ndiyo kazi ambayo wengi wetu huikwepa kwa kulipachika jina la kwanza lililo karibu.

Aliyenifumbua macho zaidi katika kazi hii ya kutafuta jina ni mwanafalsafa Eugene Gendlin. Alizaliwa Vienna mwaka 1926 katika familia ya Kiyahudi, naye alikuwa mtoto bado Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938. Familia yake ikalazimika kutoroka. Gendlin alisimulia baadaye kwamba katika safari hiyo baba yake alikataa kujikabidhi kwa mtu mmoja aliyekuwa awasaidie, kwa sababu hisia yake ilimwambia hapana. Kijana akastaajabu: ni hisia ya namna gani hiyo inayomwambia mtu neno? Alijitafuta ndani yake asiione, lakini swali hilo hakuliacha tena.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na Carl Rogers, bingwa wa ushauri nasaha. Yeye na wenzake walisikiliza kanda zilizonaswa watu wenye shida walipokuwa wakizungumza na washauri wao, wakitaka kujua kwa nini baadhi hupona na wengine huzunguka mahali pamoja miaka na miaka. Wakaona kwamba tofauti ilihusu zaidi namna mwenye shida mwenyewe alivyozungumza. Waliofanikiwa hawakuwa wasemaji hodari. Walisitasita. Mmoja wao angesema neno, angenyamaza, angejipima ndani, kisha angesema, "Hapana, si hivyo hasa... ni zaidi kama..." Alikuwa akilingania kila neno na kitu alichokisikia mwilini, kitu kisicho na jina bado. Mwaka 1978 Gendlin aliieleza njia hiyo katika kitabu kidogo kiitwacho Focusing, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida aweza kuifuata.

Njia yenyewe si ngumu kuisimulia. Mtu huketi kimya, akayaweka kando mambo yanayomsumbua, moja baada ya jingine, kama mchuuzi anayetua vikapu. Kisha huchagua jambo moja, akauliza katikati ya mwili wake, kifuani na tumboni, jambo hilo zima linasikika vipi. Hajibu haraka. Hungoja mpaka hali fulani ijitokeze, yenye ukungu mwanzoni. Ndipo hutafuta neno, au picha, liwe mpini wa kuishikia hali hiyo, maana jembe lisilo na mpini halilimi. Hulipeleka neno lile kwenye mwili, akatazama kama mwili unalikubali. Likiwa silo, mwili hukaa vile vile. Likiwa ndilo, kitu hulegea: pumzi hushuka, mabega hushuka, pengine machozi hutoka au kicheko. Kisha huuliza zaidi kuna nini katika hali ile, na lolote lijalo hulipokea bila kulikaripia.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, maana nisingependa kumwuzia msomaji dawa ambayo sijaionja. Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilirudi kwenye nyumba yangu iliyo karibu na shule ya msingi. Afya yangu ilikuwa njema, shamba lilikuwapo, wajukuu walikuwapo. Lakini kila siku kiasi cha saa nne asubuhi kitu kilinikaba chini ya mbavu, mithili ya mkono unaokunja ngumi. Nilipimwa hospitalini, daktari akaniambia moyo wangu uko salama. Jamaa walisema ni uzee. Rafiki mmoja alisema ni huzuni ya kuacha cheo.

Siku moja niliketi chini ya mwembe na kuliuliza lile ngumi lenyewe. Nikalipa neno la rafiki yangu, huzuni. Halikujibu. Nikalipa neno upweke. Likasogea kidogo, likarudi. Nikajaribu cheo, nikasikia hata kichekesho kidogo, maana cheo kilinichosha miaka kumi kabla sijakiacha. Ndipo kengele ya shule ikalia, na neno likaja lenyewe: sikuitwa. Kwa miaka zaidi ya arobaini kila kengele iliyolia ilikuwa ikiniita mahali. Hii ililia kila siku saa nne, na haikuniita mimi. Nilipolisema neno hilo kwa sauti ya chini ile ngumi ilifunguka, nikavuta pumzi ambayo naona nilikuwa nikiidai tangu siku ya kuagwa.

Jina sahihi lilinipa na la kufanya. Kama ningekuwa na huzuni, ningehitaji faraja. Kama ingekuwa upweke, ningehitaji maongezi. Mtu ambaye haitwi anahitaji wa kumwita. Nilikubaliana na akina mama watatu wa mtaani ambao hawakupata kusoma kwamba waje kwangu mara tatu kwa juma, na kwamba wao ndio watakaopanga saa na kunigongea mlango. Leo wapo saba. Nao hawajui kwamba wanaponigongea mlango wananitibu.

Hadi hapa msomaji aweza kusema: vema, mzee amepata usingizi mzuri, lakini maadili yako wapi? Mtu akijijua au asijijue, si shauri lake mwenyewe?

La, si shauri lake peke yake. Katika chuo nilichokiongoza tuliwapeleka wanachuo mazoezi ya kufundisha, nasi wakufunzi tuliwafuata huko kuwakagua. Mwaka mmoja niliambiwa habari za binti mmoja, mwenye bidii na mwandiko mzuri, ambaye alikuwa akiwachapa sana watoto wa darasa la tano. Nilikwenda, nikaketi nyuma ya darasa. Somo lilikuwa hisabati, sehemu. Lilikwenda vizuri mpaka mtoto mmoja alipoinua mkono na kuuliza kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa zaidi. Mwalimu alinyamaza, akameza mate, akasema kwa ukali kwamba mtoto yule hasikilizi, na mkono wake ukaenda kwenye fimbo. Aliponiona akaiacha.

Baada ya vipindi tuliketi chini ya mti. "Mkuu, hawa watoto wananidharau," akasema.

Nikamwuliza, "Dharau hiyo unaisikia wapi, mwalimu?"

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha ya kigeni. Kisha polepole aligusa koo. Nikamwambia akae nayo hapo, asinieleze chochote, aniambie tu ikoje. Akasema imebana. Akasema kama kitu kinachokwama. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Si dharau." Halafu akasema, "Naogopa wasije wakajua." Na machozi yakamtoka.

Alichoogopa kujulikana ni kwamba hata yeye hakupata kuelewa sehemu. Alizikariri kwa ajili ya mtihani, akafaulu, na siku zote aliziogopa kama mtu anayepita kwenye daraja bovu usiku. Kila mtoto aliyeuliza swali la kweli alimbana kooni, naye aliuita ubanaji huo dharau, kwa sababu dharau ina adhabu yake inayojulikana, na ujinga wa mwalimu hauna. Mwalimu mwenzake alikaa naye jioni tatu na machungwa na kisu, akamwonyesha ni nusu ngapi zilizo ndani ya machungwa matatu. Nilipokwenda tena baada ya juma moja, fimbo ilikuwa juu ya kabati.

Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa adhabu hii: viboko visizidi 4, mkuu wa shule ndiye atoaye au aidhinishaye, na habari iandikwe. Ni kanuni yenye nia ya kuzuia maovu. Lakini kanuni yaweza kuhesabu viboko. Haiwezi kuhesabu kilicho kooni mwa mwalimu. Hilo hakuna mkaguzi awezaye kulikagua isipokuwa yeye mwenyewe. Na asipolikagua, gharama yake hailipi yeye. Hulipa mtoto aliyeuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Hisia isiyosikilizwa haiondoki. Hutafuta mlango, na aghalabu hutokea kwa mtu asiyeweza kuirudisha ilikotoka. Mume aliyedhalilishwa kazini hushikwa na kitu tumboni njia nzima, akifika nyumbani hukuta chumvi imezidi katika mchuzi. Mchuzi haukuwa na kosa kubwa hivyo. Mkuu aliyetishwa na mkubwa wake hushuka ngazi moja naye akatisha. Hivyo uchungu hushuka ngazi kwa ngazi mpaka umfikie mtoto, au mbuzi, au mbwa aliyelala mlangoni. Kila mmoja katika ngazi hiyo angeapa kwa Mungu kwamba ana sababu ya haki. Angalau mmoja wao angesimama na kujiuliza, "Kitu hiki nimekitoa wapi?", mnyororo ungekatika hapo.

Sasa niyajibu mapingamizi mawili. La kwanza husema kwamba mwili hudanganya, na ni kweli. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha habari za jaribio walilolifanya Kanada, kwenye daraja la kamba la Capilano linaloning'inia juu ya bonde lenye kina kirefu. Wanaume waliolivuka walikutana na msichana aliyewauliza maswali kisha akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 waliopokea namba kwenye daraja lile linalotikisika, 9 walimpigia. Kati ya 16 waliopokea kwenye daraja imara la mto mwingine, walipiga 2 tu. Maelezo yao ni kwamba mioyo ilikuwa ikidunda kwa hofu ya daraja, na wanaume wale wakaudhania mdundo huo kuwa mapenzi. Ndoa ngapi zimefungwa juu ya daraja linalotikisika!

Kuna udanganyifu mbaya zaidi ya huo. Nilipokuwa mtoto, mtu mwenye ukoma akipita watu walisisimkwa na mwili, wakavuta watoto wao ndani. Msisimko ule ulikuwa wa kweli. Nami niliusikia mgongoni kwangu. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mseto wa dawa, ugonjwa huo umekuwa ukitibika, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha upesi kuambukiza. Miili ya watu wengi, hata hivyo, haijapata habari hizo. Bado husisimka kwenye vidole vilivyokatika vya mtu aliyekwisha kupona zamani. Mwili nao husomeshwa, na waliousomesha wengine walikuwa wajinga. Chuki ya kabila, kinyaa cha maskini, hofu ya mtu mwenye ulemavu wa ngozi: yote hayo husikika mwilini, tena kwa nguvu, na hakuna hata moja lililo hoja dhidi ya mtu yule.

Je, hayo hayatoshi kutufanya tuache kuusikiliza? Kwangu mimi yanathibitisha kinyume. Aliyesisimkwa akautii msisimko wake hukimbia na kusema, "Mtu yule ana kitu kibaya." Aliyesisimkwa akaukana msisimko wake hujidai mwema, huku akikaa mbali kwa visingizio. Lakini aliyeusikiliza husema, "Hii ni hofu, imo ndani yangu, nilifundishwa nikiwa na miaka mitano, mtu huyu hahusiki nayo." Huyo ndiye awezaye kunyoosha mkono akaamkiana naye. Mkono wake huenda utatetemeka mara ya kwanza. Mara ya kumi hautatetemeka.

Shahidi akikosea, basi, dawa ni kumhoji zaidi. Ipo namna ya zamani ya kumhoji ambayo naiona ni ya busara. Mwaka 1521 askari mmoja Mhispania, Ignatius wa Loyola, ambaye Wakristo wa kwetu humwita Inyasi, alijeruhiwa mguu na mzinga wa adui katika vita vya Pamplona. Alipokuwa kitandani akaomba hadithi za mashujaa. Hazikuwapo, akapewa vitabu vya maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anaota ndoto za mchana za namna mbili: mara ajione shujaa mbele ya bibi mtukufu, mara ajione akiishi kama watakatifu wale. Ndoto zote mbili zilimfurahisha wakati wa kuziota. Lakini baada ya zile za kwanza alibaki mkavu na mwenye kinyongo. Baada ya zile za pili alibaki na utulivu. Tofauti ilikuwa katika kile kilichobaki.

Kipimo hiki hakihitaji dini moja kukitumia. Muislamu aliyeswali istikhara anamwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lililo la kheri, na wengi wetu tumewaona watu hao wakiutazama moyo baadaye, umeelekea wapi. Hata asiye na dini aweza kujiuliza, baada ya hasira kupita, au baada ya tamaa kushibishwa: nimebakiwa na nini? Raha ya kulipiza kisasi ni tamu mdomoni na chungu tumboni. Kusamehe huchoma mdomo, lakini hulala vizuri. Mwili ukihojiwa mara moja waweza kukosea. Ukihojiwa kabla, wakati na baada, mara chache hukosea mara zote tatu.

Pingamizi la pili husema kwamba mambo haya ni ya watu walioshiba. Mama mwenye watoto watano na debe moja la mahindi, atausikiliza mwili wake saa ngapi? Naliheshimu pingamizi hili kuliko la kwanza, kwa kuwa hutoka kwa watu wanaofanya kazi. Lakini nimewaona akina mama hao. Wao ndio husema, "Leo siendi kwa fulani, roho imesita," kisha wakaangalia kwa nini imesita. Wao ndio hukaa kwenye jamvi la msiba usiku kucha bila kuzungumza, bega kwa bega na mfiwa, wakimwacha mwili wake ulie mpaka uchoke. Kwa kawaida maskini husikia kama tajiri, wala kusikia hakudai pesa. Kunadai kusimama kidogo. Na kama mtu hana hata kidogo hicho, dhuluma ya maisha aliyopewa ndiyo ya kulaumiwa, wala hiyo si sababu ya kumwambia kwamba hakihitaji.

Niongeze tahadhari moja, kwa sababu nina umri wa kuwa nimezika marafiki. Maumivu ya kifua, pumzi iliyokatika, kichwa kinachopasuka ghafla, hayo mtu aende nayo hospitali kwanza, tena upesi. Asiketi chini ya mwembe kuyatafutia jina. Kadhalika, mtu aliyelemewa na majonzi mpaka hali wala halali asiachwe kujisikiliza peke yake. Shahidi aliyejeruhiwa huhitaji mtu wa kumshika mkono anapotoa ushahidi.

Baada ya tahadhari hiyo, neno langu kwa walio na madaraka, na zaidi kwa walimu walio vijana, ni fupi. Kabla hujafungua mlango wa darasa, au wa ofisi, au wa nyumba yako, simama. Vuta pumzi tatu. Uliza kooni, kifuani, tumboni, "Hapa pana nini?" Ukijibiwa, shukuru, ujue unaingia na nani. Usipojibiwa, uliza hata hivyo kesho, kwa maana shahidi aliyefukuzwa miaka ishirini hatakuamini siku moja. Kisha fungua mlango. Waliomo ndani wana mizigo yao wenyewe. Si haki kuwabebesha na wako kabla hujautazama.